Nyumba ya Muda

Bibi alijibu maswali kumi na moja ya kwanza bila shida: jina, umri wa kukadiria, watu wanaolala kwake, ng'ombe, mbuzi, magunia ya mtama aliyovuna msimu uliopita. Swali la kumi na mbili ndilo lililotukwamisha. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe chuoni, msimamizi wangu akalipitisha, nikatoa nakala sitini. Lilisema: "Aina ya nyumba unayoishi: (a) ya kudumu, (b) ya muda."

Kabla hajajibu nilikuwa nimeshaweka alama kwenye (b). Tulikuwa tumekaa nje ya tembe yake, Haneti, yeye kwenye kigoda, mimi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliiona kalamu inavyokwenda.

"Umeandika nini hapo, mke mwenzangu?"

Nikamsomea.

"Ya muda," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. "Muda gani?"

Nikanyamaza.

"Nimeingia humu baba yako akiwa mgongoni. Sasa baba yako ana mvi. Bati la jirani yule limeng'olewa na upepo mara mbili. Huyo umemwandika nini?"

Jirani nilikuwa nimemwandika (a).

Nilikuwa nimekwenda kijijini kumuuliza bibi yangu kuhusu sera ya serikali ya nyumba, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili katika historia. Kumbe sera yenyewe nilikuwa nimeipakata, imechapwa, na nimeshaitekeleza kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo. Tangu siku ile swali langu limebadilika. Siulizi tena serikali imejenga nyumba ngapi. Nauliza nani aliamua nyumba ni nini, aliamulia wapi, na Bibi alikuwa na njia gani ya kuusikia uamuzi huo au kuupinga.

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Wageni wengi wanaoijua wanaijua kwa mawe yake, hasa krisopresi, lile jiwe la kijani linalochimbwa kwenye vilima vyetu. Bunge liko ndani ya mkoa huu huu. Ikulu iko ndani ya wilaya hii hii. Kwa hiyo katika hadithi hii siwezi kuulaumu umbali.

Kwa asiyeijua tembe: ni nyumba ndefu, ya chini, yenye paa bapa. Nguzo husimikwa ardhini, juu yake hulazwa boriti, kisha fito, kisha nyasi au matawi, kisha udongo unaoshindiliwa. Kuta ni fito zilizokandikwa udongo. Kaya ya Mgogo mwenye mifugo ilijengwa kwa mistari ya vyumba iliyozunguka ua, na ng'ombe walilala katikati. Aliyetaka kuiba ng'ombe ilimpasa kwanza apite kwa watu. Mchana wa Ugogo ni wa jua kali na usiku wa kiangazi ni wa baridi, na udongo mzito huchelewesha vyote viwili. Juu ya paa huanikwa nafaka. Ubaya wake nitausema mbele, kwa sababu upo, na Bibi anaujua kuliko mimi.

Mtu wa kwanza kupata tabu na tembe hakuwa mwenyeji wake. Alikuwa mtoza kodi. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waingereza waliporithi nchi nao walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa, mwaka 1922. Kodi hiyo inaeleweka kirahisi mahali ambapo kila mke ana kibanda chake cha msonge, kimesimama peke yake, na mhesabuji anaweza kukionyesha kidole. Sasa mlete mhesabuji huyo mbele ya tembe. Mke mkubwa ana chumba chake na mlango wake. Mke mdogo ana chake. Kijana aliyeoa juzi ana chake pembeni. Paa ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo kuna nyumba moja au nne? Jibu lilikuwa na uzito, kwa sababu lilipimwa kwa rupia na baadaye kwa shilingi.

Neno "nyumba" lilirudi kwa sura nyingine baada ya uhuru. Katikati ya miaka ya 1960, TANU ilipanga wanachama na wasio wanachama katika mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Nchi nzima ikahesabiwa kwa nyumba. Balozi alikuwa mtu wa karibu, unamjua, anakujua, unaweza kumgongea usiku. Lakini shina lilikuwa la chama, na njia yake ilipitisha maagizo kwenda chini kwa wepesi kuliko ilivyopitisha malalamiko kwenda juu.

Ndipo ikaja Operesheni Dodoma. Miaka ya mwisho ya 1960 ilikuwa ya ukame na njaa katika mkoa wetu, na serikali iliamua kwamba dawa ya Ugogo ni watu kukaa pamoja. Mwaka 1970 na 1971 kaya zilizotawanyika nyikani zilihamishiwa vijijini, mkoa mzima, miaka michache kabla ya nchi nyingine kufuata. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Picha za Rais mwenye udongo mikononi zimebaki, na mimi ni miongoni mwa wanaozipenda. Ninapoziangalia, najua kwamba tofali lile lilikuwa pia tamko: nyumba ya Mtanzania mpya ni ya tofali, imesimama kwenye mstari, karibu na shule, zahanati na bomba.

Bibi anaikumbuka kwa namna yake. "Tuliambiwa tutoe vyombo. Watu wakatoa vyombo. Babu yako akatoa nguzo."

Nikamuuliza nguzo gani.

"Za mpingo. Mchwa haziwezi. Akasema, wakitaka twende tutakwenda, lakini siendi kutafuta nguzo nyingine uzeeni."

Babu hakuwa mzee wakati ule. Hakuwa hata na miaka arobaini. Alizing'oa, akazibeba, na katika kiwanja alichopimiwa kwenye mstari akajenga tena tembe, fupi kuliko ya kwanza, bila zizi katikati kwa sababu kiwanja hakikutosha. Nguzo tatu kati ya zile bado zimesimama chumbani kwa Bibi. Zina umri mkubwa kuliko kijiji. Ng'ombe walijengewa boma mbali, na kwa miaka kadhaa familia iligawanyika, wengine wakilala kijijini, wengine kwenye mifugo.

Huwa nasoma tarehe za miaka ile kwa mpangilio, kama anayepanga risiti. Watu wa Dodoma walihamishwa 1970 na 1971. Julai 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilifutwa, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa walioteuliwa. Zilikuwa zimeshadhoofika tangu 1969, zilipoondolewa kodi zao kuu za vijijini. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, kwa nchi nzima, hadi mwisho wa 1976. Mwaka 1975 Bunge likapitisha sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa. Kwa maneno mengine, Bibi alihamia kijijini kwanza, kijiji chenyewe kikaja kupewa sheria miaka minne baadaye, na katikati ya matukio hayo chombo pekee cha kuchaguliwa ambacho angeweza kukilalamikia wilayani kikaondolewa. Halmashauri zilirudi 1984. Ni miaka kumi na miwili. Baba yangu aliingia darasa la kwanza na kumaliza la saba ndani yake, bado kukawa na miaka.

Sitaki kuonekana kama nasema hakuna jema lililotoka pale. Baba yangu alisoma kwa sababu shule ilikuwa karibu. Bibi mwenyewe husema hivyo, tena kwa sauti kubwa, akimsikia mtu anamsema Mwalimu vibaya. Mwaka 1977 serikali ilisema watu zaidi ya milioni 13 wanaishi vijijini, na wengi wao walipata maji au darasa ambalo wazazi wao hawakuwa nalo. Ninachosema ni chembamba zaidi: kwamba uamuzi mkubwa kuliko wote kuhusu makazi katika historia ya nchi yetu ulifanyika bila mwenye nyumba kuwa na kiti popote ulipojadiliwa.

Katika mkoa huu huu, miaka ile ile, kulikuwa na sera ya pili ya nyumba. Mwaka 1966 hoja ya kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ilifika bungeni na wabunge wakaikataa, kwa sababu ya gharama. Mwaka 1973 jambo lile lile liliamuliwa upya, safari hii na chama: TANU iliuliza matawi yake, mkutano mkuu ukaridhia, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo kwa amri ya Rais. Kampuni ya Kanada ilichora mpango wa mji, ukakamilika 1976. Kwa wakati huo basi Dodoma ilikuwa na watu wanaopangiwa mitaa, bustani na maeneo ya kupumzikia, na kilometa kadhaa nje ya mchoro ikawa na watu waliopimiwa viwanja kwa kamba na hatua za miguu.

Vyombo vya taifa vya nyumba vilielekea upande ule ule. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 na likajenga mijini. Benki ya Nyumba ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 Bunge likapitisha sheria ya mfuko wa nyumba wa wafanyakazi na wakulima, uliosimamiwa na benki hiyo. Jina la mfuko lina neno "wakulima". Lakini mkopo hufuata mshahara, hati na makadirio ya fundi, na vitu hivyo vitatu vilikuwa mjini. Benki ilikufa 1995. Nilimuuliza Bibi kama aliwahi kuisikia. Akaniuliza kama ilikuwa ya Wahindi.

Halmashauri ziliporudi, zilirudi na mambo mawili yaliyobadilika. La kwanza, ardhi ilikuwa imechafuka. Waliohamishwa walikuwa wakikaa juu ya mahame ya wengine, na mahame yao wenyewe yalikuwa yakilimwa na watu wa tatu. Serikali ilijibu kwa sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila za zamani katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni, na kuzuia madai hayo yasifike mahakamani. Bunge lilipitisha. Familia moja ya kaskazini ikafika mahakamani hata hivyo, na mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, inalindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Ikavitengua vifungu vilivyowafungia watu mlango wa mahakama.

Nimesoma hukumu ile mara nyingi. Kila mara nawaza jinsi ambavyo ingesikika ikisomwa mbele ya tembe: hiki ulicho nacho, ambacho hakina hati wala tofali, ni mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuja baadaye na kuipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Ardhi ya Bibi ilipata jina katika sheria. Nyumba iliyo juu yake ilibaki bila jina.

La pili lililobadilika ni mfuko. Halmashauri iliyorudi 1984 ilikuwa na kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003 watu wakashangilia, kwa sababu ilikuwa inakusanywa kwa kukimbizana. Zilikuwa na kodi ya majengo pia, ambayo ndiyo kodi ya serikali za mitaa karibu dunia nzima, kwa sababu nyumba haikimbii na anayeishi karibu nayo ndiye anayejua thamani yake. Kuanzia Julai 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka wa fedha 2017/18 kikaja kiwango kimoja kwa majengo yasiyothaminishwa: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, shilingi 50,000 kwa kila ghorofa katika nyumba za ghorofa. Mwaka 2021 Bunge likapitisha ikatwe kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na 2023 viwango vikapanda kuwa 1,500 na 7,500.

Katika mabadiliko hayo ya kodi ndipo nilipoikuta tembe. Sheria ilipoeleza jengo gani litozwe, ilitoa msamaha: nyumba za nyasi, nyumba za udongo, na nyingine za aina hiyo zinazotumika kwa makazi. Tembe imo ndani ya yale maneno ya mwisho, imekaa kimya.

Mwanzoni nilifurahi. Ni msamaha wa kweli na wa haki. Hakuna mbunge mwenye akili angesimama kutaka Bibi alipie udongo. Nikaendelea kusoma, na furaha ikapungua. Nilikuwa natafuta kwa miezi mahali ambapo sheria ya nchi inaiona nyumba ya bibi yangu, na mahali nilipopata ni orodha ya visivyohesabiwa. Mjerumani aliiona tembe ikamsumbua kwa kuwa alitaka kuihesabu mara nne. Sisi tumelimaliza tatizo lake kwa kuihesabu sifuri.

Sifuri hiyo inatembea. Kisichothaminishwa kwa kodi hakithaminishwi kwa mkopo. Halmashauri isiyopata chochote kutokana na nyumba za kijiji haina sababu ya kibajeti ya kujua zipo ngapi, zinavuja wapi, zimejengwa lini. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000 inazungumzia makazi ya mijini na vijijini, lakini sera hufanya kazi kupitia vyombo, na chombo kilichofika Haneti kwa jina la nyumba hakipo. Nyumba pekee ambazo halmashauri za vijijini huzijadili kwa fedha ni za watumishi: ya mwalimu, ya mganga. Hata hizo, utaratibu tunaujua sote. Wanakijiji huchanga mawe, mchanga na maji, hupandisha kuta hadi usawa wa lenta, kisha husubiri halmashauri imalizie. Jengo hilo linaitwa boma. Ukisikiliza kipindi cha maswali bungeni, huchukui muda kabla mbunge mmoja hajauliza maboma ya jimboni kwake yatamaliziwa lini, na naibu waziri hajajibu kwamba serikali inatambua jitihada za wananchi na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana.

Boma na tembe husimama karibu. Boma lina tofali, halina paa, na limo kwenye kumbukumbu za halmashauri. Tembe ina paa, ina watu, na haimo. Katika fomu yangu ya kwanza, boma la tofali ningeliandika "la kudumu".

Baba yangu mdogo hapendi ninapoongea hivi. Yeye ni fundi ujenzi mjini, na siku niliyomsomea kipande cha kazi hii alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Wewe unalala humo siku tatu, unarudi chuo." Akanihesabia kwa vidole. Paa la udongo likilowa huanguka, na watu wamekufa. Moshi hauna pa kutokea. Mlango ni wa kuinama, mgonjwa hutolewa kwa shida. Udongo lazima urudishiwe kila mwaka kabla ya mvua, na wanaopanda juu kuurudishia ni wanawake na watoto. Boriti na nguzo zinamaliza miti. "Msomi akiisifia tembe," akasema, "muulize kwao wanaezeka na nini."

Kwetu mjini tunaezeka bati la migongo mipana. Alikuwa sahihi, na kazi hii ingekuwa ya uongo kama ningeishia kwenye nguzo za mpingo. Wagogo hawakulazimishwa kupenda bati. Wanalitaka. Pembeni mwa barabara zote za Chamwino unaona tofali zinachomwa na nyumba zinapandishwa kozi kwa kozi, alizeti ya mwaka huu kozi tatu, mbuzi wa mwaka kesho kozi mbili. Hiyo ndiyo sera ya nyumba inayofanya kazi vijijini, na inagharimiwa na mbuzi.

Bibi naye anataka bati. Nililijua hilo jioni ya siku ile ile, baada ya mzozo wa swali la kumi na mbili, tulipokuwa tunachambua mlenda.

"Mke mwenzangu, wewe unasoma mambo ya nyumba."

"Ndiyo, Bibi."

"Serikali inakopesha bati?"

Nikamweleza kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi, kwa shughuli za uzalishaji. Bibi alisikiliza vizuri. Akataka kuhakikisha ameelewa.

"Kwa hiyo tukiwa kikundi, tunaweza kukopeshwa tufyatue tofali tuuze."

"Ndiyo."

"Lakini siwezi kukopeshwa nijengee."

"Hapana, Bibi. Hiyo si biashara."

Akacheka, akarudi kwenye mlenda wake.

Nimelifikiria sana lile cheko. Diwani wa kata yetu anaingia kwenye baraza la madiwani. Mbunge wetu anaingia bungeni. Tuna mwenyekiti wa kijiji, halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ambao kisheria kila mtu mzima ni mjumbe wake. Bibi ana viti vingi leo kuliko alivyokuwa navyo 1971, na huo ni ushindi ambao kizazi chake kiliungojea kwa muda mrefu. Lakini katika viti vyote hivyo hakuna hata kimoja ambapo swali lake, la bati, ni swali halali. Mkutano wa kijiji unaweza kujadili nyumba ya mwalimu. Baraza la madiwani linaweza kujadili boma. Bunge linaweza kujadili kodi ya jengo. Paa la mwanamke mzee linahesabiwa kuwa jambo la familia yake, tangu lini na kwa uamuzi wa nani sijapata kuona mahali palipoandikwa.

Mambo ya familia yana baraza lake. Mwezi wa Agosti tulikutana, watoto wa Bibi na wajukuu tuliopata nauli. Baba alitaka tembe ivunjwe, ijengwe ya tofali vyumba vitatu. Baba mdogo alipiga hesabu ya saruji tukanyamaza. Mwisho tulikubaliana tuchangie bati za geji 30 na mbao, paa la udongo lishushwe, kuta zibaki. Fundi ni yeye, hatumlipi.

Njiani nikirudi chuoni nilijiuliza sheria itaiona vipi nyumba hiyo. Ya udongo, kwa hiyo msamaha? Au ya bati, kwa hiyo jengo? Siku moja Bibi akivuta umeme na kufungiwa mita, ile shilingi 1,500 ya mwezi itamhusu au haimhusu? Mita haina macho ya kutazama ukuta. Miaka zaidi ya 120 tangu 1898, mhesabuji bado amesimama mbele ya mlango wetu hajui aandike nini.

Fomu yangu nimeibadilisha. Swali la kumi na mbili sasa linasema: "Nyumba unayoishi ilijengwa lini, na nani, kwa vifaa gani?" Nimeongeza la kumi na tatu: "Ukipata uwezo, ungebadilisha nini?" Msimamizi wangu alilalamika kwamba majibu ya namna hiyo ni magumu kuyaweka kwenye jedwali. Ni kweli. Ninatumia jioni nyingi kuyapanga.

Niliporudi Haneti, Bibi aliomba kwanza aone karatasi. Hajui kusoma, lakini alitaka nimwonyeshe kwa kidole mahali ilipokuwa ile alama. Nikamwonyesha. Akajibu la kumi na mbili kwa kirefu, kuanzia mahame hadi ile siku ya nguzo, akataja na majina ya waliosaidia kuzibeba. Kwenye la kumi na tatu hakusita.

"Paa. Kuta ziacheni. Na fundi aambiwe nguzo zile tatu asiziguse."